Msamaha wa daftari la saa kwa dereva wa lori wa safari fupi Marekani: jinsi ya kuutumia bila kuupoteza

Mwongozo huu unamhusu dereva anayezungumza Kiswahili na anayeendesha lori la mizigo nchini Marekani, akitoka kituoni alfajiri na kurudi hapohapo jioni, bila kulala njiani. Dereva wa namna hiyo ana nafuu ya kisheria ambayo wenzake wa masafa marefu hawana: halazimiki kujaza daftari la saa kila siku wala kufungiwa kifaa cha elektroniki cha kurekodi saa, ambacho wote barabarani hukiita ELD. Nafuu hiyo imeandikwa katika kanuni za shirikisho, sehemu ya 395.1(e), zinazosimamiwa na mamlaka ya usalama wa malori na mabasi, FMCSA. Nimeendesha chini ya msamaha huu kwa miaka kadhaa, kisha nikakaa ofisini nikikagua kadi za saa za madereva wengine. Makosa niliyoyaona pande zote mbili yana mzizi mmoja: dereva anadhani amesamehewa saa, kumbe amesamehewa kuandika tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Aliyetoka Kenya akisikia "logibuku" anafikiria hati ya umiliki wa gari, ile anayoiweka rehani akikopa. Huku Marekani neno hilo lina maana ya daftari lenye jedwali la saa 24, ambalo dereva huchora mstari kuonyesha alikuwa nje ya zamu, amelala kwenye kitanda cha lori, anaendesha, au yuko kazini bila kuendesha. Katika mwongozo huu nitaliita daftari la saa, ili tusichanganye.

Hatua ya kwanza: jua uko katika kundi lipi

Sheria ina milango miwili, na kila mmoja una masharti yake.

Mlango wa kwanza, 395.1(e)(1), ndio unaotumiwa na madereva wenye leseni ya CDL (leseni ya magari makubwa ya kibiashara), yaani wale wa malori yenye uzito wa pauni 26,001 na zaidi, ambazo ni takriban kilo 11,800. Masharti yake ni haya: usitoke nje ya maili 150 za anga kutoka kituo chako cha kawaida cha kuripotia, urudi kituo hichohicho na kuruhusiwa kuondoka kabla ya saa 14 mfululizo kwisha tangu uliporipoti, uwe umepumzika saa 10 mfululizo kati ya zamu moja na nyingine, na mwajiri wako atunze kumbukumbu sahihi za saa zako kwa miezi 6. Kabla ya tarehe 29 Septemba 2020 umbali ulikuwa maili 100 na muda ulikuwa saa 12, kwa hiyo ukikuta karatasi ya zamani ukutani mwa ofisi yenye tarakimu hizo, iondoe, au mwombe msimamizi aiondoe.

Mlango wa pili, 395.1(e)(2), ni wa lori la mizigo lisilohitaji CDL lakini lenye uzito wa kuanzia pauni 10,001. Humo wamo ndugu zetu wengi wanaoendesha yale malori ya boksi ya futi 26, ya kuhamisha samani au kusambaza bidhaa madukani. Umbali ni uleule wa maili 150 za anga, na lazima urudi kituoni kila mwisho wa zamu. Tofauti iko kwenye saa: katika siku 7 zinazofuatana, siku 5 huruhusiwi kuendesha baada ya saa ya 14 tangu uanze zamu, na siku 2 unaweza kufika hadi saa ya 16. Mengi ninayoyaeleza hapa chini yanahusu mlango wa kwanza, kwa kuwa ndio wenye mitego mingi.

Madereva wa mabasi wana saa zao tofauti, na sitawagusa. Vilevile, anayebeba mazao au mifugo ana msamaha mwingine kabisa, 395.1(k), unaotumia nao maili 150 za anga lakini unapimwa kutoka mahali mzigo ulikochukuliwa. Nimewasikia madereva wakichanganya misamaha hii miwili mbele ya mkaguzi, na maelezo ya namna hiyo hayamsaidii mtu. Mwisho, kama lori lako halivuki mpaka wa jimbo na mzigo wenyewe ni wa ndani ya jimbo, huenda unafuata sheria ya jimbo, ambayo inaweza kuwa tofauti. Texas, kwa mfano, huruhusu saa 12 za kuendesha katika safari za ndani ya jimbo, ilhali kanuni ya shirikisho inaruhusu 11. Uliza ofisini kwako kabla ya kudhani.

Hatua ya pili: chora duara lako

Maili ya anga ni maili ya baharini, ile ya manahodha na marubani, na ni ndefu kuliko maili inayosomwa kwenye dashibodi ya lori. Maili 150 za anga ni sawa na maili 172.6 za kawaida, au karibu kilomita 278. Zaidi ya hapo, zinapimwa kwa mstari ulionyooka kama anavyoruka kunguru, bila kufuata barabara. Kwa hiyo odomita yako haikuambii kama uko ndani au nje.

Tuchukue kituo kilicho katikati ya jiji la Columbus, Ohio. Ukienda Detroit, barabara inazidi maili 200, na dereva mgeni anaweza kuingiwa na hofu kwamba amevuka kikomo. Kwa mstari ulionyooka, Detroit iko maili kama 164, kwa hiyo uko ndani. Cleveland, Cincinnati na Pittsburgh zote zimo. Louisville iko maili kama 189, nayo iko nje. Indianapolis ndiyo yenye mtihani: katikati ya jiji ni maili kama 168, ndani kwa upenyo mdogo sana, lakini maghala mengi hayako katikati ya jiji. Yako upande wa magharibi, kwa mfano Plainfield, ambako ukipima unapata maili 180 na kitu. Mpangaji wa safari akikuambia "leo ni Indianapolis", mwulize anwani kamili kabla hujawasha injini, maana mji ni ule mmoja lakini siku inaweza kuwa ya aina mbili tofauti.

Fungua ramani kwenye simu au kompyuta, tumia kipimo cha umbali kilichomo, weka ncha moja kwenye anwani ya kituo chako na ncha nyingine kwenye anwani ya mteja. Fanya hivyo kwa wateja wote wa kawaida mara moja, uandike orodha, na uibandike ndani ya kabati la lori. Pima kutoka kituo unachoripoti, wala si nyumbani kwako, hata kama unalala na lori uani. Kumbuka pia kwamba sharti linahusu safari nzima, si mwisho wake tu: ukizunguka nje ya duara kwa sababu ya barabara iliyofungwa, siku hiyo umetoka, hata kama mteja yuko ndani.

Mipaka ya majimbo haihusiki. Duara la Columbus linaingia Michigan, Indiana, Kentucky, West Virginia na Pennsylvania, na msamaha unabaki palepale.

Hatua ya tatu: pata saa ya kugeuka

Hapa ndipo siku nyingi zinapopotelea, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Saa 14 zinaanza kuhesabiwa ukiripoti kazini, na hazisimami kwa chochote. Kungoja kwenye mlango wa kupakulia kumo. Chakula cha mchana kimo. Kujaza mafuta, kupimwa mizani, kutafuta mlinzi wa geti mwenye funguo, vyote vimo. Na mwisho wake si pale lori linapoingia getini. Ni pale unaporuhusiwa kuondoka, baada ya kuegesha, kukagua lori na kukabidhi karatasi. Dereva aliyefika getini dakika 5 kabla ya muda kwisha, kisha akatumia dakika 20 kurudisha trela mahali pake na kujaza fomu, amevuka.

Njia niliyoitumia mimi ni kuhesabu kinyumenyume kila asubuhi na kuiandika saa ya kugeuka kwenye kipande cha karatasi juu ya dashibodi. Chukua siku ya Detroit. Umeripoti saa 11 alfajiri, yaani 05:00. Saa 14 zinakwisha saa 1 jioni, 19:00. Toa dakika 20 za kazi ya mwisho kituoni: 18:40. Toa saa 3 na nusu za barabarani: 15:10. Toa nusu saa ya foleni, kwa kuwa jioni foleni haikosekani: 14:40, yaani saa 8 na dakika 40 mchana. Hiyo ndiyo saa yako ya kugeuka. Ikifika na trela bado imeegemea mlango wa ghala haijapakuliwa, hupigi simu kulalamika. Unapiga simu kumwambia mpangaji wa safari kwamba siku hii inaelekea kutoka katika msamaha, na mnaamua pamoja mapema kama mtaacha mzigo, mtabadilisha dereva, au utaandika daftari.

Wapo wapangaji wanaojibu, "Wewe njoo tu, tutarekebisha kadi." Jibu hilo likija kwa ujumbe wa simu, usiufute. Kanuni ya 390.6, iliyoanza kutumika Januari 2016, inakataza kampuni, mwenye mzigo au dalali kumlazimisha dereva kuvunja kanuni za saa kwa vitisho vya kumnyima kazi, na dereva anaweza kulalamika FMCSA. Mara nyingi haifiki huko: ukitaja kwa utulivu kwamba muda umekwisha na ukaeleza saa ulizoanza na utakazomaliza, mpangaji mwenye akili huelewa.

Hatua ya nne: hakikisha kadi ya saa ina mambo yote

Badala ya daftari, sheria inadai kumbukumbu ya saa, ambayo mwajiri ndiye anayeitunza. Hakuna fomu maalumu. Inaweza kuwa kadi ya mashine, programu ya simu, au karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Kilicho lazima ni saa uliyoripoti, saa uliyoruhusiwa kuondoka, na jumla ya saa ulizokuwa kazini, kwa kila siku. Dereva anayetumiwa kwa mara ya kwanza, au mara mojamoja, anaongezewa jambo la nne: jumla ya saa alizofanya kazi katika siku 7 zilizotangulia.

Kosa la kwanza ninalowaonya wasemaji wa Kiswahili ni la saa yenyewe. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wenzetu wanaanza usiku wa manane, na kichwa cha mtu aliyeamka kabla ya jogoo hakitafsiri vizuri. Wiki yangu ya kwanza niliripoti saa 11 alfajiri, nikaandika kwenye kadi 11:00 kwa mkono wangu mwenyewe. Jioni nilikuwa nimeamka vya kutosha, nikaandika saa ya kutoka kwa usahihi, 18:15. Kadi ikasoma saa 7 na robo mahali palipokuwa na saa 13 na robo. Niligundua siku ya mshahara, na kwa kuwa fedha zilipungua nililalamika haraka. Lakini lingekuwa jambo zito zaidi kama mkaguzi angeigundua kabla yangu, kwa sababu kadi yenye saa zisizo za kweli ni kumbukumbu ya uongo hata kama aliyeiandika alikuwa na usingizi tu. Tangu hapo nimeandika kwa mfumo wa saa 24, na nawashauri wote wafanye hivyo: 05:00 haiwezi kudhaniwa kuwa kitu kingine.

Kosa la pili ni kukadiria saa kwa tarakimu kamili. Kadi inayoonyesha 06:00 hadi 18:00 siku 22 mfululizo haimshawishi mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na malori. Andika 06:07 kama ilikuwa 06:07.

Kosa la tatu linatokana na maisha yetu ya ughaibuni, ambapo kazi moja mara nyingi haitoshi. Kama Jumamosi unapakia maboksi kwenye ghala la kampuni nyingine kwa malipo, saa hizo zinahesabiwa kuwa saa za kazi chini ya kanuni za madereva, ingawa hukugusa usukani. Zinaingia katika jumla ya saa 60 kwa siku 7, au 70 kwa siku 8 ikiwa kampuni yako inafanya kazi kila siku ya wiki, na zinavunja yale mapumziko ya saa 10. Mwambie mwajiri wa lori. Ni mazungumzo yasiyopendeza, lakini kumbukumbu za mishahara za kazi ya pili zipo, na baada ya ajali huwa zinatafutwa.

Hatua ya tano: jua kisichosamehewa

Msamaha unakuondolea daftari la saa, kifaa cha ELD, zile stakabadhi za kuthibitisha saa, na mapumziko ya lazima ya dakika 30 baada ya kuendesha kwa jumla ya saa 8. Basi.

Saa 11 za kuendesha zinabaki. Saa 60 au 70 za wiki zinabaki, pamoja na njia ya kuanza hesabu upya kwa kupumzika saa 34 mfululizo. Cheti cha afya, vipimo vya dawa za kulevya kwa wenye CDL, ukaguzi wa lori kabla ya safari, na kuripoti ubovu vinabaki. Lori zito linalovuka mipaka ya majimbo bado linahitaji kumbukumbu za maili kwa ajili ya ushuru wa mafuta, na hapo daftari lililosamehewa huacha pengo: ofisi iliyozoea kupata maili kutoka kwenye ELD inabidi izipate kwa njia nyingine. Andika odomita mwanzo na mwisho, na kila unapovuka mpaka.

Kuhusu zile dakika 30, mimi binafsi nilizichukua hata nilipokuwa nimesamehewa.

Hatua ya sita: siku ikitoka nje ya msamaha

Msamaha huu unahesabiwa siku kwa siku. Unaweza kuwa nao Jumatatu, kuukosa Jumanne, na kuwa nao tena Jumatano. Ukiukosa, unatakiwa kujaza daftari la saa la siku hiyo, kwa karatasi, na daftari hilo lazima lihusu siku nzima tangu mwanzo wake, kwa kawaida usiku wa manane, pamoja na saa zilizokwisha kupita. Huanzi pale ulipogundua. Anza kulijaza mara tu unapojua kwamba hutarudi kwa wakati, ukiwa umeegesha mahali salama.

Turudi Detroit. Ghala lilichelewa, ukatoka 15:40 badala ya 14:40. Daftari lako litasomeka hivi: nje ya zamu tangu usiku wa manane hadi 05:00, kazini bila kuendesha hadi 05:30, ukikagua lori, kuendesha hadi 09:00, kazini bila kuendesha, ukingoja na kupakuliwa, hadi 15:40, kuendesha hadi 19:10, kazini bila kuendesha hadi 19:30, nje ya zamu hadi usiku wa manane. Jumlisha: saa 9 na nusu nje ya zamu, saa 7 za kuendesha, saa 7 na nusu za kazi nyingine. Zinafika 24. Zisipofika 24, kuna mstari umeuruka.

Ukilitazama daftari hilo vizuri utaona tatizo jingine. Kuanzia 19:00 hadi 19:10 uliendesha baada ya saa ya 14, na hilo peke yake ni kosa, liwe limeandikwa au halijaandikwa. Linaokolewa na kanuni ya 395.1(o), inayomruhusu dereva wa mizigo kurefusha dirisha lake hadi saa 16, ikiwa katika zamu 5 zilizotangulia alirudi na kuachiwa kituo chake cha kawaida, ikiwa siku hiyo pia ataachiwa hapo kabla ya saa 16 kwisha, na ikiwa hajaitumia nafasi hiyo katika siku 6 zilizotangulia, isipokuwa amepumzika zile saa 34. Saa 11 za kuendesha haziongezeki. Kwa maneno mengine, ni nafasi ya mara moja kwa wiki. Ukiitumia Jumanne kwa uzembe, Ijumaa yenye theluji itakukuta mikono mitupu. Asiye nayo anatakiwa kusimama kabla ya saa ya 14, na kampuni imtafutie njia ya kurudi.

Lipo na la kesho yake, ambalo husahaulika zaidi. Umeachiwa 19:30. Saa 10 zinakwisha 05:30. Ukiripoti 05:00 kama kawaida yako, umevunja sharti la mapumziko na umeanza siku mpya bila msamaha.

Katika mfano huu hukuhitaji mapumziko ya dakika 30, kwa kuwa kungoja kulikatiza uendeshaji. Lakini katika siku ambayo umeshaendesha zaidi ya saa 8 bila kusimama ukiamini umesamehewa, kisha msamaha ukatoweka, pumzika mara tu upatapo mahali salama, na uandike kwenye sehemu ya maelezo kwa nini hukupumzika mapema. Sentensi moja inatosha.

Daftari la karatasi linahitaji pia tarehe, namba za lori na trela, jumla ya maili, jina la kampuni na anwani ya ofisi yake kuu, namba ya hati ya mzigo au jina la mwenye mzigo na aina ya bidhaa, na sahihi yako. Weka kitabu cha madaftari matupu ndani ya lori hata kama hujawahi kukihitaji. Kinauzwa kwa bei ndogo kwenye vituo vya malori, na dereva anayetakiwa kuwa na daftari akakosa anaweza kusimamishwa saa 10 pembeni ya barabara.

Hatua ya saba: hesabu siku 8

Sheria haikulazimishi kutumia ELD ikiwa siku unazohitaji daftari hazizidi 8 katika kipindi chochote cha siku 30. Neno muhimu ni "chochote": si mwezi wa kalenda. Siku 5 za mwisho wa Machi na siku 4 za mwanzo wa Aprili ni 9, na ile ya tisa ilitakiwa kuwa kwenye kifaa. Chukua kalenda, itie alama nyekundu kila siku ya daftari, na kila unapotia alama mpya hesabu nyuma siku 30. Ukifika alama ya 6, mwambie msimamizi. Ukingoja hadi ya 9, utakuwa unamwambia jambo lililokwisha kuharibika.

Kama lori lenyewe lina ELD kwa sababu linatumiwa zamu nyingine na dereva wa masafa, mwombe msimamizi akuweke kwenye mfumo kama dereva aliyesamehewa. Bila hivyo kifaa kitarekodi mwendo usio na mwenyewe, na kampuni italazimika kuueleza kila mara.

Hatua ya nane: ukisimamishwa

Hulazimiki kubeba kadi za saa ndani ya lori, zinakaa ofisini. Siku uliyotoka nje ya msamaha unatakiwa kuwa na daftari la siku hiyo, na mwongozo wa FMCSA unasema hudaiwi kuonyesha madaftari ya siku 7 zilizopita kwa siku ambazo ulikuwa umesamehewa. Hata hivyo, mkaguzi kwenye mizani anayeona lori lisilo na ELD atauliza sababu, na jibu linatakiwa kuwa fupi na la wazi: kwamba unaendesha chini ya msamaha wa safari fupi, kituo chako kiko wapi, uliripoti saa ngapi leo, na unatarajia kurudi saa ngapi. Mambo hayo manne yazoeze kwa Kiingereza mpaka yatoke bila kufikiri. Kanuni ya 391.11(b)(2) inamtaka dereva aweze kuzungumza na maofisa kwa Kiingereza, na tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa anaweza kusimamishwa palepale asiendelee na safari. Mimi niliyaandika kwenye kadi ndogo nikaiweka pamoja na cheti cha afya, nikiijaza saa ya kuripoti kila asubuhi kwa penseli.

Ikiwa lori ni lako

Mwenye lori lake mwenyewe anayeendesha kwa namba yake ya usajili wa FMCSA ndiye dereva na ndiye mwajiri. Kadi za saa anazitunza yeye, miezi 6, mahali ambapo anaweza kuzitoa zikiombwa. Aliyekodisha lori lake kwa kampuni na kuendesha kwa namba ya kampuni hiyo anazipeleka kwake. Kituo cha kawaida cha kuripotia kinaweza kuwa uani kwako, lakini ukikihamisha, safari ya kutoka kituo cha zamani kwenda kipya inaandikwa kwenye daftari la saa, kwa kuwa siku hiyo hukurudi ulikotoka. Nilimwona mwenye lori mmoja akitunza kadi zake kwenye bahasha 12 za kaki, kila moja na jina la mwezi, na mwanzoni mwa Agosti akiitupa ile ya Januari. Hakuwa na kompyuta.